Koti la Marehemu Ingiridi

Enzi zetu nguo haikuitwa kiwalo wala pamba. Ilikuwa ya shule, ya Idi, au kafa Ulaya. Wa rika langu mliokulia Mlandizi mnanielewa. Hilo ndilo jina tulilolikuta: Mzungu kafa huko kwao, nduguze wamegawana nyumba na shamba, nguo hawazitaki, basi zikafungwa, zikapakiwa melini, zikatufikia sisi zikinuka dawa ya mende. Harufu ile hatukuwa na shaka nayo hata kidogo. Ilikuwa harufu ya jeneza.

Baadaye watu wakaona haya, wakaanza kusema mtumba. Mtumba wenyewe, kwa wazee wetu, ulikuwa mzigo tu, furushi lililofungwa kamba ambalo mpagazi alijitwika akaenda nalo safari. Neno likahamia kwenye nguo, na tangu hapo halijatulia. Leo kuna gari mtumba, simu mtumba, friji mtumba. Juzi juzi pale Maili Moja nimemsikia kijana akimwita mchumba wa mwenzake mtumba, naye mwenyewe fulana, suruali na viatu vyote vimetoka kwenye belo.

Nyumbani kwetu lilibaki lile jina la kwanza, kwa sababu ya Bibi, mama yake baba. Bibi aliamini kwamba wenye nguo wamekufa kweli, na nguo ya marehemu haivaliwi mpaka mwenyewe asomewe. Kila kilichotoka mnadani kilipita kwake: kinatandikwa mkekani, ubani unafukizwa, Fatiha inasomwa, ndipo ukivae. Nimewahi kumwona baba yangu, mtu mzima mwenye ndevu zake, amesimama uani na taulo kiunoni akisubiri suruali imalize kusomewa.

Nilipokuwa darasa la nne, Mama alirudi mnadani na koti jekundu la sufu, zito, lenye kofia na vifungo vikubwa. Koti la kuvaliwa kwenye theluji, Mlandizi hii hii ambako saa nne asubuhi mbuzi wameshatafuta kivuli. Sikujali. Idi ilikuwa keshokutwa, na nilishawaapia wasichana wote wa madrasa kwamba mwaka huo watanijua mimi ni nani.

Bibi akalitandika mkekani, akalipekua. Ndani ya ukosi akakuta kitambaa cheupe kimeshonewa, kina maandishi ya wino. Yeye alisoma herufi za Kiarabu tu.

"Mke mwenzangu, hebu njoo unisomee," akaniita. Alinitania hivyo tangu nizaliwe.

Nikasoma kwa sauti ya darasani: "I-ngi-ri-di."

Bibi akaliinua koti, akanipima nalo mabegani. Lilinikaa sawasawa.

"Maskini," akasema. "Kumbe kafa mtoto."

Mpaka siku hiyo marehemu wetu walikuwa Wazungu wazee wasio na sura. Huyu alikuwa na jina, na mabega kama yangu. Nikaangua kilio, ingawa nikisema nilimlilia yeye peke yake nitakuwa mwongo. Bibi alishatoa hukumu: mtoto mwenye jina hasomewi juu juu, anafanyiwa hitima, na hitima inamtaka Maalim. Maalim akikataa, koti linarudi mnadani.

Maalim wa madrasa yetu akaja, akanywa kahawa, akasikiliza, akakataa.

"Bi mkubwa, huyo si Muislamu."

"Ulimuuliza?"

"Lakini huko Ulaya, Bi mkubwa..."

"Si wewe unayewafundisha hawa kwamba mtoto haandikiwi dhambi? Au Ulaya wanaandikiwa mapema?"

Maalim akakiweka kikombe chini. Halafu, kwa unyonge, akauliza jina la mama wa marehemu, maana kwetu anayeombewa hutajwa kwa mama yake. Hatukuwa nalo.

"Sema binti Hawa," Bibi akajibu. "Kwani sisi wa nani?"

Basi alasiri ile Ingiridi binti Hawa akafanyiwa hitima Mlandizi, kwa visheti na kahawa. Majirani wakaja kutupa pole. Mmoja akauliza marehemu aliumwa nini. Bibi akamjibu, "Baridi."

Siku ya Idi nikalivaa, na kofia juu. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi, na sikulivua. Wasichana walinijua kweli: waliniita Tanuri mpaka tunamaliza darasa la saba. Lakini kila Ijumaa nilimsomea mwenzangu Ingiridi Fatiha, na nilimpenda.

Mikono ya koti iliponipungukia, likapangwa kwenda kwa binamu yangu kule Magindu. Bibi akaniletea kalamu.

"Andika na lako hapo chini."

"Bibi, mimi sijafa!"

"Utakufa tu. Andika."

Nikaandika. Magindu wakalipokea, wakatusomea wote wawili. Binamu yangu alipokuja kunisimulia, nilikuwa natafuna muwa. Nimefanyiwa hitima nikiwa na muwa mdomoni! Hapo ndipo akili iliponijia: kama mimi nimesomewa na ni mzima, huenda na Ingiridi hakufa. Labda alikua tu, koti likambana. Nikamkimbilia Bibi na habari hiyo. Hakuacha hata kuchambua kisamvu chake.

"Basi dua imemkuta hai," akasema. "Ubaya uko wapi?"

Sasa naishi Kisarawe, na binti yangu anauza nguo hizo hizo kwa simu. Anazipiga pasi, anazipulizia manukato, anazipiga picha. Kwao nguo haina mtu. Nikimuuliza ya nani, ananiambia, "Mama, mzigo mpya huo, umefunguliwa leo." Wamezunguka na maneno yao yote ya kisasa mpaka wamerudi kwa mpagazi. Namcheka, lakini huwa inaniuma.

Bibi alifariki mwaka juzi. Baada ya arobaini nguo zake zikagawanywa, nami nikapata gauni lake la kijani. Sikuwa na moyo wa kuligusa mpaka wiki iliyopita. Nikalikagua ukosi: hamna kitu. Yeye aliyemhangaikia mtoto wa Ulaya hakuandika la kwake. Nikachukua kalamu nikaliandika jina lake, nikalitandika gauni mkekani, nikafukiza ubani.

Binti yangu akachungulia mlangoni, simu mkononi.

"Mama, mtumba huo? Mkali! Huyo naye kafa Ulaya?"

"Kafa Mlandizi," nikasema, nikamgeuzia ukosi asome.

Akalitazama tena lile gauni. Kisha akavua viatu, akaja akakaa mkekani.