Miche ya Kuhesabiwa

Hamidah alianza kukata mafunjo kabla ya kuolewa, na mumewe alipofariki aliendelea, kwa kuwa binti yake Shamira na wadogo zake walitaka kula hata siku za eda. Kila alfajiri baada ya kuswali hufunga kitenge juu ya magoti, akaingia kwenye kinamasi kilicho chini ya Kinyamaseke na kukata mafunjo ya kusukia majamvi. Siku za soko huyapeleka Bwera kwa Wivine, mama Mkongomani wa Butembo anayeyatandika chini ya samaki wa chumvi kabla ya kuwavusha mpaka.

Kinamasi hicho kina kazi nyingine kubwa kuliko majamvi. Mvua ikinyesha Kyondo, juu milimani, kijito hushuka kikiwa na matope na mawe. Mafunjo huyapokea maji hayo kwa kishindo na kuyaachilia taratibu. Nyumba zilizo chini yake, ikiwemo ya Shafic, kaka yake Hamidah, zimesimama kwa sababu hiyo tu.

Mwaka huu kampuni moja ya umeme wa jua ilitaka kuweka mitambo yake hapo hapo. Mahali ni tambarare, nguzo kubwa za umeme ziko karibu, na hakuna mwenye hati miliki wa kubishana naye. Sisi vijana wa hapa tunautaka umeme. Tumesoma kwa koroboi, hatuna hamu ya kuzeeka nayo. Lakini umeme unaojengwa kwa kuziba njia ya maji ya watu maskini ni wizi, hata ukiitwa safi.

Wakala wa kampuni, kijana wa huku huku anayeitwa Maate, alikuja na pikapu iliyojaa miche ya mikaratusi. Aliigawa bure. Alieleza kwamba sheria hailipi fidia kwa kinamasi, maana kinamasi ni cha umma. Hulipa kwa kilichopandwa. Mwenye miti mingi atapata fidia nyingi. Kabla jua halijazama watu walikuwa wamefyeka mafunjo na kugawana mistari ya kupandia miche, kila mtu na yake. Shafic alikuwa wa kwanza. Lori lake lilikufa injini tangu Ramadhani na lilikuwa limekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, na yeye ni dereva, hajui kukaa.

Siku ya soko Hamidah alipeleka majamvi Bwera. Alikuwa amesimama mbele ya Wivine, ambaye kama kawaida yake alikuwa akiligeuza jamvi huku na huku akitafuta kasoro ya kushushia bei. Hamidah alimtazama, na jambo likamkaa vibaya moyoni. Alimsimulia Wivine habari ya miche.

"Ule mutu ndiye atalipa, na ndiye naleta miti?" Wivine aliuliza, akaliacha jamvi. "Mama Shamira, mimi niko munuzi. Siwezi kukupandishia bei mimi mwenyewe. Bale watu wanatafuta kitu ingine."

Njiani kurudi Hamidah aliipata hiyo "kitu ingine". Kibali cha kujenga juu ya kinamasi ni kigumu. Kibali cha kujenga juu ya shamba la miti ni chepesi. Maate hakuwa amewaletea fidia. Alikuwa amewapa kazi ya kukiua kinamasi kwa mikono yao, ili afisa wa mazingira akija kukagua aone shamba.

Alimweleza kaka yake jioni ile. Shafic alimsikiliza akiwa ameinama juu ya sahani, kisha akasema, "Wewe uko na majamvi yako. Mimi niko na nini? Hao watu wa ofisi wakija, ukifungua mdomo, usiniite kaka tena."

Siku ya ukaguzi jua lilikuwa kali, katikati ya kiangazi, na juu ya ardhi palionekana pakavu kabisa. Afisa wa mazingira, Ninsiima, alifika na askari mmoja. Watu walikuwa wamejipanga kila mmoja penye mistari yake, wengine na mapanga mkononi. Maate alisema hilo ni shamba la miti la miaka mingi, miche hii ikiwa ni ya kujazia palipokatwa. Ninsiima akamgeukia Shafic, aliyekuwa karibu, akamuuliza kama shamba ni lake na amelilima tangu lini.

Shafic alitazama viatu vyake. Watu wote walimtazama yeye.

"Siku mingi, madam," alisema.

Hamidah alivua ndala. Hakutaka kumkanusha kaka yake mbele ya umati. Aliingia tu kati ya mistari. Aziz, jirani ambaye mistari yake ilipakana na ya Shafic, alimwambia atoke, akamwambia tena, na mara ya pili panga lilikuwa limenyanyuka kidogo. Askari naye akasogea. Hamidah aliinama, akashika mche wa Shafic, akauvuta.

Ulitoka bila kushindana. Mzizi wote ulikuwa bado ndani ya kimfuko cheusi cha nailoni, vile vile ulivyotoka kitaluni.

"Iko na kavera bado," mwanamke mmoja alisema nyuma, na kicheko kikapita kabla watu hawajakizuia. Hakuna aliyekuwa ametoa mifuko. Nani ahangaike kutoa, kama miti ni ya kuhesabiwa na si ya kukua?

Ninsiima hakucheka. Alikuwa akitazama shimo. Maji yalipanda polepole, meusi, hadi ukingoni.

Alimwambia Maate, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba hapo ni kinamasi na yeye ataandika kinamasi. Kampuni ikapime mteremko mkavu ulio juu ya barabara, na mvua zikianza atarudi kuona tena. Maate aliitikia kwa adabu, akaingia kwenye pikapu bila kumuaga mtu.

Watu walitawanyika wakitukana chini chini. Shafic alibaki barabarani.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nimekuvua nguo, kaka. Nyumba bado unayo."

Hamidah aliirudia mistari ya kaka yake na kuanza kung'oa, maana mikaratusi ikishika hunywa maji kama mlevi, na mafunjo hayatarudi. Mche mmoja, mwingine, anaitupa ukingoni. Hakuna aliyekuja kumsaidia. Alipokaribia mwisho alisikia sauti ya Shafic, kavu, kutoka kule kule juu barabarani.

"Hiyo ya huko mwisho wacha. Iko ya Aziz. Atakukata."

Hamidah alinyooka, akaitazama mistari ya Aziz, kisha akamtazama kaka yake. Shafic alikuwa amekwisha kushuka kutoka barabarani, suruali ikiwa imekunjwa, anamjia kung'oa naye.