Pindo la Msonobari

Siku ya kwanza dalali wa miti ya Krismasi, yule waliyemwita Nusu Bei, alipokanyaga shamba la Bi Mkasi, salamu hazijakauka mdomoni alishataja nusu ya bei. Bi Mkasi hakukasirika. Alivua tepu ya kushonea iliyoning'inia shingoni, akampima kutoka begani hadi kifundoni.

"Mwili wa mtu mzima," alisema, "bei ya kitoto."

Mama huyu alishona sare za shule miaka thelathini, mpaka macho yalipogoma kutunga uzi. Akanunua kipande cha kilima chenye mawe kuliko udongo, akapanda misonobari. Majirani wakamcheka: mti wa kukaa sebuleni siku kumi kisha jalalani, huo ni ukulima au uuaji? Naye huwauliza kabichi wanazokula kama waliziomba ruhusa. Kukata si dhambi, husema. Dhambi ni kukata na kuaga.

Kwa hiyo ana sharti. Mti haukatwi chini. Unakatwa juu ya duara la chini kabisa la matawi, na yale matawi yanabaki kwenye shina. Baada ya muda tawi moja hujiinua, likawa mti mwingine.

"Nguo ya mtoto huachiwa pindo, apate kurefuka," alimwambia Nusu Bei. "Na mti uachie pindo. Ukiua, unapanda mwingine, unaupalilia mwenyewe mpaka ufike kifuani."

"Nimekubali, mama," alijibu Nusu Bei haraka. Maneno hayalipiwi ushuru.

Lakini miti huuzwa kwa urefu, na hoteli moja iliagiza kumi na miwili mirefu, ifike kabla ya saa kumi jioni hiyohiyo. Ikichelewa, watanunua ya plastiki. Pindo lingemlia karibu urefu wa mkono mzima kwa kila mti. Bi Mkasi alipoingia ndani kuinjika chai, Nusu Bei alipiga magoti, akaikata kumi na miwili sawa na ardhi, akaipakia kwenye lori lake, akafunika visiki kwa majani makavu. Alipomaliza alijipongeza kimoyomoyo: mjanja hazaliwi kila siku.

Bi Mkasi alitoka na vikombe viwili. Visiki hakuviangalia kabisa. Alilizunguka lori akishika miti kwenye vitako, mmoja mmoja, kama anayekagua mishono.

"Hii kumi na miwili imeondoka na pindo langu."

"Mama, labda msumeno uliteleza."

"Ukateleza mara kumi na mbili? Huo si msumeno, ni sabuni."

Nusu Bei akataka kulipa mara mbili. Maishani mwake hakuwahi kutamka maneno hayo, na yalimtoka kwa shida kama jino.

"Pesa haijui kupalilia," alisema Bi Mkasi. Akalifunga lango kwa kufuli, akatia ufunguo kifuani, mahali ambapo dalali hawezi kuufuata. Kisha akamsogezea jembe na miche kumi na miwili.

Saa nane na nusu. Nusu Bei alichimba akiwa na viatu vyake vya ngozi miguuni, akitukana mawe kwa sauti ya chini, huku mama akimsahihisha: "Baba, hilo shimo la panya. Ongeza." Lori lilifika hotelini saa kumi kasoro dakika tano, Nusu Bei kwenye usukani ana udongo hadi kwenye nyusi.

Alidhani yameisha. Wiki iliyofuata alipotaka miti mingine alikuta kufuli na ujumbe: magugu kwanza. Basi akaja kila Jumamosi. Mwaka wa tatu miche ilipofika kifuani mwa Bi Mkasi, aliye mfupi, Nusu Bei alitangaza deni limekwisha.

"Tulisema kifuani," mama alijibu, "hatukusema kwangu. Simama hapo."

Akaongeza mwaka.

Wakapatana hivyo. Bi Mkasi alipata mpaliliaji wa miaka minne, na hasara yake ni kikombe kimoja cha chai kila wiki, tena bila sukari. Nusu Bei alipoteza Jumamosi zake zote na jozi mbili za viatu. Alichopata ni kuchagua miti kabla ya dalali mwingine yeyote, na kwa bei kamili.