Mkaa wa Mama Pumba

Alipostaafu upishi wa shule, watu walidhani atakaa kibarazani apunge upepo. Wapi! Alianza kuzoa pumba za mpunga nyuma ya mashine ya kukobolea, zile zilizokuwa zikitupwa mtaroni. Alizichoma ndani ya pipa lililofunikwa mpaka ziwe nyeusi bila kugeuka majivu, akazikoroga na uji mwepesi wa muhogo, kisha akazipitisha kwenye mashine kuukuu ya kusagia nyama. Vilitoka vipande kama vidole vinene, akavianika juu ya bati. Mtaa ukambandika jina: Mama Pumba.

Aliyelishikia bango jina hilo ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, muuza mkaa mwenye mdomo mrefu. "Shemeji, pumba ni pumba tu," alimwambia. "Siku ukiivisha maharage kwa uchafu huo, niite nije nicheke."

Akamwita. Jumapili shemeji akaja na mkewe, na gunia la mkaa begani. "Nimekuokoa, tusilale njaa," akasema. Mama Pumba akashukuru kwa unyenyekevu wote, akaliburuta gunia hadi stoo.

Maharage yakaiva laini. Shemeji akachungulia jiko, akavimba kichwa.

"Mnaona? Hakuna moshi, hakuna cheche. Huo ndio mkaa wa mtu anayejua kazi!"

"Kweli kabisa, shemeji," akajibu mwenyeji, uso mkavu. "Hebu nichotee mwingine gunini, tuchemshe chai."

Shemeji akaenda stoo akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Gunia lilikuwa limeshonwa vilevile alivyolileta, hata uzi haujaguswa. Mkewe, aliyemfuata nyuma, alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Wiki tatu shemeji hakukanyaga pale. Halafu asubuhi moja akatokea, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Kuna rafiki yangu anataka ile… mikaa."

"Mikaa gani?"

"Ile yako."

"Ya nini, shemeji? Sikusikii."

"Ya pumba!" akafoka, na majirani wawili wakageuka.

Mama Pumba akamfungia mfuko uliojaa, akamwongezea vipande vinne vya zawadi. Siku hizi shemeji anauza aina zote mbili, na huwaeleza wateja, bila haya, kwamba wazo lilimjia yeye akiwa anaoga. Mama Pumba akisikia hutikisa kichwa, akaendelea kuzungusha mkono wa mashine. Ila kila Jumatatu ni shemeji huyohuyo anayemzolea pumba mtaroni, suruali imekunjwa magotini.