Njia ya Kurudi Korongoni

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilifungua chumba cha ushauri nasaha hapa Kitengela, juu ya duka la dawa za mifugo. Wengi waliopanda ngazi zile walidhani natoa sindano. Mfugaji mmoja wa Kimaasai, mtu wa makamo, alipanda kwa sababu mkewe alikuwa nyuma yake.

Mkewe ndiye aliyeeleza. Simba alitoka upande wa mbuga, akamrukia mumewe malishoni na kumrarua bega. Wenzake walifika na mikuki, simba akakimbia. Bega lilipona.

"Lakini mwaka unaisha na hajakanyaga malishoni," akasema. "Ng'ombe wanachungwa na ndugu yake."

Nilimgeukia mume nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini.

"Niko na miguu," akasema, "lakini nikifika lango ya kwenda malisho zinakataa. Pumzi inaisha, naona ile mdomo tena. Mimi nataka kufika kwa ile korongo nilianguka, na ng'ombe yangu mbele."

Hilo likawa lengo letu. Lilikuwa lake, si langu.

Wiki iliyofuata alikuja peke yake, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Kukaa tukiangaliana hivi ni kama nimeshtakiwa," akasema. "Sisi wanaume tunaongea tukitembea."

"Basi nitakuja kwako, tutembee."

Chuoni walimu wangu walikuwa wakibishana. Huyu alisema uponyaji huanzia kwenye fikra, yule kwenye mwili, mwingine kwenye yaliyopita. Mimi nilichukua kwa wote. Pale langoni nilimfundisha kuvuta pumzi polepole mpaka mabega yashuke. Yeye ndiye aliyeamua tufike wapi siku hiyo: leo mti ule wa miiba, siku nyingine kichuguu kile. Tukitembea, aliniambia kilichomuuma kuliko bega. Aliamini wenzake wanamcheka.

"Umewauliza?" nikasema.

Hakuwa amewauliza. Tulikubaliana aanze na ndugu yake. Nilipokwenda tena, alinisubiri nje ya lango.

"Nilimuuliza," akasema. "Anasema hawanicheki. Wanaona haya. Walidhani nimekasirika kwa sababu walichelewa kufika."

Alisimama akitazama nyasi, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Kisha siku moja ngiri alichomoka kichakani mbele yetu. Mteja wangu alikimbia mpaka bomani. Nilimkuta ameinama, anahema, nikadhani atasema tuache. Tulivuta pumzi pamoja hadi akatulia.

"Next time tusianze kwa lango," akasema. "Tuanze pale kwa ngiri."

Asubuhi tuliyofika korongoni, mvua ilikuwa imenyesha na majani yamechipua. Ng'ombe walitangulia, yeye nyuma yao na fimbo yake, mkewe nami tukifuata kwa mbali. Alishuka hadi chini kabisa, akasimama mahali alipoangukia, akatuita. Hapo akasimulia kisa chote, kuanzia alfajiri ile hadi hospitalini, bila kuruka neno. Mkewe alikuwa hajawahi kukisikia chote. Mume alipomaliza, alipiga mluzi, ng'ombe wakapanda ukingo wa pili. Naye akapanda.

Nilirudi Kitengela nikicheka peke yangu njiani.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Kajiado siku ya soko la mifugo. Nilimwona kati ya wanaume, anasifia fahali wake kwa sauti kubwa. Kazi yangu inanikataza kumsalimia mteja hadharani asipoanza yeye, kwa hiyo nilipita kando. Yeye akaniona.

"Takwenya!" akaita, salamu ya Kimaasai kwa mwanamke.

"Iko," nikaitikia.

Akawageukia wenzake, pamoja na ndugu yake. "Huyu mama ndiye tulitembea naye mpaka kwa simba," akasema, na wanaume wale wakanipa mkono mmoja mmoja.