Buraanbur Isiyotaja Ukoo

Nimeimba katika harusi za watu kwa miaka kumi na tisa, na mpaka leo sijui kama ninajua kuimba. Ungedhani swali kama hilo mtu hulimaliza mapema, ajijue na atulie. Mimi sikulimaliza kwa sababu kila nilipofungua mdomo wanawake walipiga vigelegele, na mtu anayepigiwa vigelegele hana haja ya kuuliza maswali.

Sisi wanawake wa Kisomali wa huku tuna ushairi wetu tunaouita buraanbur. Huimbwa alasiri, wanaume wakiwa wametengwa upande wao. Mmoja anasimama kuimba, wawili watatu wanaingia katikati kucheza, waliobaki wanapiga makofi na ngoma, na ngoma ikikosekana jerikeni tupu inatosha. Mwimbaji anamsifu bibi harusi, anamsifu mama yake, kisha anaingia kwenye koo: baba wa bwana harusi ni mwana wa nani, na huyo ni mwana wa nani, mpaka babu wa saba. Ukoo ukitajwa, wanawake wake wanainuka kwa vigelegele, na mmoja anavua mtandio wake anamfunika nao mwimbaji. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Siku moja nilirudi nyumbani nimefunikwa mitandio sita, jasho likinitoka kama mgonjwa wa malaria, na furaha yangu hiyo sikutaka kumgawia mtu.

Kazi yangu hasa ni ualimu. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Garissa, watoto ambao wengi wao wanakikuta Kiswahili kwa mara ya kwanza mlangoni pa darasa, kama nilivyokikuta mimi. Kuimba ni jambo la ndugu na jirani tu. Aliyeniingiza humo ni dada yangu mkubwa, anayekaa mtaa wa Iftin, ambaye hakuna harusi mjini humu isiyompitia mikononi, kuanzia mchele wa pilau hadi mahali pa kuketi mama mkwe. Alisema nina kifua cha kuimba, na dada yangu akisema kitu, kimekuwa.

Aliyenitia mdudu kichwani ni mwalimu mwenzangu, mama mmoja wa Kitui anayefundisha kwaya ya shule. Nilimwalika katika harusi ya jirani, nikamwazima dera langu la zambarau, nikamkalisha mbele. Kesho yake, saa nne, tukinywa chai katika chumba cha walimu, nikamwuliza sauti yangu ameionaje. Nilikuwa nikitafuta sifa, nakiri.

"Uko na nguvu, mwalimu," akasema. "Hiyo huwezi kunyimwa."

"Na sauti yenyewe?"

Akachovya andazi kwenye chai, akalitazama likilainika. "Wale watu wanakupenda sana," akasema, halafu akaniuliza kama nimemaliza kusahihisha karatasi za darasa la sita.

Nilimchukia wiki nzima. Nilijiambia kwamba mtu aliyezoea kwaya, watoto wamesimama wima kama vigingi wakifungua midomo kwa pamoja, hawezi kujua wimbo wa watu wanaotembea. Nilijiambia mengi. Lakini maneno yake yalikuwa yameshaingia, na kila nilipoyatoa kwa mlango wa mbele yalirudi kwa wa uani.

Nikajirekodi kwa simu jikoni, mlango nimeufunga. Nilichosikia kilikuwa chembamba na chenye kutetemeka, sauti ya mwanamke anayemwita mbuzi aliyepotea. Nikafuta. Nikajirekodi tena, nikafuta tena. Kila mtu huchukia sauti yake kwenye simu, nikasema, na hilo ni kweli, lakini halikunisaidia.

Ndipo nikaanza kufanya kosa ambalo mwimbaji hapaswi kulifanya: kuwatazama wanaonisikiliza. Nilitaka kujua wanapiga vigelegele wakati gani hasa. Haikuwa pale nilipoipandisha sauti mpaka nikahisi mbavu zinafunguka. Haikuwa pale nilipopata neno zuri ambalo nilikuwa nimelitafuta siku tatu. Ilikuwa kwenye majina. Jina likidondoka, vigelegele. Jina likichelewa, wanatazama simu zao. Niliwahi kuimba nikiwa na mafua, sauti imekwama puani, katika harusi ya ukoo mkubwa, na nikafunikwa mitandio minne. Na niliwahi kuimba kwa bibi harusi yatima ambaye wa kwao waliohudhuria hawakujaza hata mkeka mmoja. Siku ile nilihisi nimeimba kama ninavyotamani kuimba maisha yangu yote. Nilipata mtandio mmoja, wa dada yangu, na nafikiri alinivika kwa huruma.

Mcheza kwao hutuzwa. Methali hiyo nimeiandika ubaoni miaka yote hii, nimewafanya watoto waiimbe, nimewasahihishia insha zake. Sikuwahi kuwaambia kwamba kinachotuzwa ni kwao, na mchezo ni kisingizio tu.

Nikamwuliza dada yangu. Tulikuwa kwake, anachagua mchele kwenye ungo, mimi nikimsaidia.

"Abaayo," nikamwambia, maana ndivyo tunavyoitana sisi ndugu wa kike, "sauti yangu ni nzuri?"

"Wewe unajua koo zote. Nani mwingine hapa anazijua?"

"Sijauliza koo."

Akatoa jiwe, akalitupa. "Umri huu sasa unataka kwenda kuimba redioni?" Akacheka, nikacheka naye. Sikuona cha kuchekesha.

Mwaka jana, baada ya mvua, kitinda mimba wake akapata mchumba, kijana wa Takaba mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Binti huyo amekulia nusu kwangu. Homa zake nyingi za utotoni nilizikesha mimi. Wiki moja kabla ya harusi dada yangu akanipa karatasi ya daftari iliyokunjwa, yenye majina ya ukoo wa bwana harusi, yameandikwa na ami yake kwa herufi kubwa ili nisikosee. "Wanatoka mbali," akasema. "Wataje mpaka wachoke."

Nikayakariri majina yale siku mbili. Siku ya tatu nikaamua kwamba sitayataja.

Nalisema wazi kwa sababu baadaye wengi walidhani nilisahau, na wengine, kwa wema wao, walinisingizia uzee. Sikusahau. Nilitunga buraanbur isiyo na jina hata moja. Niliimba vumbi lililotulia baada ya mvua. Niliimba mama anayepanga sahani za chakula kisha anakumbuka moja si ya kupangwa tena. Niliimba binti anayeondoka akiwa bado anajua kila mlango wa nyumba hii unalia vipi unapofunguliwa. Ikiwa watapiga vigelegele, nikasema, basi ni kwangu, kwa mara ya kwanza. Wasipopiga, nitajua pia, na nitapumzika. Nilidhani nimefikiria yote.

Wanawake wa Takaba walikuwa kumi na mmoja, wamekuja kwa magari mawili, njiani wamelala Wajir. Tuliwakalisha kwenye mikeka mipya, udi ukifuka, pilau na nyama ya ngamia mbele yao. Nikasimama. Jerikeni ikaanza, makofi yakafuata, nikaimba.

Niliimba vizuri. Acha niseme hivyo, maana hakuna mwingine atakayenisemea. Pumzi ilinifikisha kila nilipotaka, na kwenye sahani ile isiyopangwa nilishuka chini taratibu, nikakaa pale, sikuikimbilia ngoma. Makofi yakapungua. Mwanamke aliyekuwa katikati akicheza akasimama. Watu wakatulia, wakatulia zaidi, mpaka nikasikia jenereta ya jirani. Nikadhani wananisikiliza. Machozi yalinilengalenga kwa furaha, na nikaongeza beti mbili ambazo sikuwa nimepanga.

Nilipomaliza hapakuwa na sauti. Nikamtafuta dada yangu, nikamwona karibu na masufuria, mkono mdomoni. Kisha nikawaona wageni. Sahani walikuwa wamezisogeza mbali nao, pilau haijaguswa tena, na wawili wakivaa viatu.

Shangazi wa bwana harusi akainuka, mwanamke mrefu, mikono imejaa hina. Kisomali changu cha Garissa alikielewa, lakini alijua chake cha Takaba kingenipita, akanijia kwa Kiswahili cha sokoni ili nisipate pa kujificha.

"Mwalimu," akasema, polepole. "Sisi natoka Takaba juzi. Nalala Wajir, nabita barabara mbaya, nakuja. Wewe naimba fumbi, naimba mvua, naimba sahani. Sisi iko wabi?"

Kwetu, kumwimbia mtu harusi bila kumtaja ni kumwambia kwamba hana baba. Nilikuwa ninalijua hilo kabla sijajua kusoma. Nilikuwa nimelijua siku ile ile, nikikariri karatasi, na bado nilijiaminisha kwamba wimbo mzuri ungefunika. Bibi harusi alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yake yanatikisika. Alikuwa anakwenda kuishi na watu wale, mbali na sisi, na zawadi yangu kwake ndiyo ile.

Dada yangu akanishika mkono juu ya kiwiko, akanivuta mpaka nyuma ya tangi la maji.

"Umemtukana mume wa binti yangu mbele ya watu wake. Wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea."

"Basi ni nini?"

"Nilitaka kujua kama sauti yangu ni nzuri."

Akanitazama. Nilitarajia kofi, na kofi ningelipokea.

"Sauti gani?" akaniuliza.

Hakuwa na hasira aliposema hivyo. Aliuliza kwa sababu hakuelewa ninazungumzia nini. Miaka kumi na tisa alikuwa akinitoa harusi hii akinipeleka ile, akinisifu kwa kila mtu, na kitu nilichodhani anakisifu hakuwa amewahi kukisikia. Nikalia pale kama mtoto, kamasi na yote, na dada yangu akanipangusa uso kwa pembe ya mtandio wake, kwa haraka, maana magari ya wageni yalikuwa yanageuzwa.

"Rudi ukawataje," akasema.

Nikarudi. Nikaanza na babu wa kwanza, sauti ikakatika katikati ya jina. Nikaanza tena, nikaikosa ngoma, nikaikimbilia, nikaipita. Kwa babu wa tatu nikakohoa. Kwa wa tano hiyo haikuwa sauti tena, ni upepo na majina, na upande wa juu ambao ningepaswa kupanda niliuacha kabisa nikausema tu, kama ninavyoita majina ya wanafunzi asubuhi kwenye rejista.

Kabla sijafika wa sita, wanawake wa Takaba walikuwa wamesimama wote kumi na mmoja. Vigelegele vilipanda mpaka wanaume upande wa pili wakauliza kuna nini. Waliovaa viatu walivivua wakaingia kucheza. Mtandio ukanijia kichwani, ukaja mwingine, ukaja wa shangazi mwenyewe, mzito, unanukia udi, akanikumbatia nao mpaka nikakosa pumzi. Bibi harusi alikuwa anacheka huku amelowa machozi. Nilifurahi kwa ajili yake, Alhamdulillahi, na humo ndani ya vitambaa vile, gizani, nilikuwa na uchungu ambao sijawahi kuwa nao hata katika msiba.

Jioni, wageni wameshiba na kuondoka kwa amani, tulibaki uani mimi na dada yangu, tukiosha masufuria makubwa. Yeye anasugua kwa majivu, mimi ninasuuza. Hakunigombeza. Sura yake ilikuwa imelegea kwa uchovu na furaha ya mama aliyemaliza kumwoza binti yake.

"Ile ya mwanzo tuiache," akasema. "Lakini ile ya pili, abaayo, wallahi, leo umeimba kuliko siku zako zote."

Nikamwangalia usoni nikitafuta utani. Ningeshukuru sana kuuona. Haukuwepo.

Nikamwambia ahsante, nikapokea sufuria lililofuata.