Nilimnywesha Mwalimu wa Mjukuu Wangu Supu ya Mbuzi wa Chuo Kingine

Marahaba, mnaoniamkia na mnaopita kimya. Admin, jina langu lifiche. Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, niko upande wa Ilongero. Darasa sikuliona, naongea, binti wa jirani anaandika.

Nina mjukuu niliyemlea tangu mchanga. Yuko chuo, na mpira wa pete anaucheza mpaka wanaume wanaacha bao kumtazama. Aliyemfundisha ni mwalimu wake mmoja wa hapo chuoni, mwanamama, tangu mtoto hajui hata kudaka. Basi wakati wa kuvuna alizeti akaja kocha wa chuo kingine na beberu. "Bibi, tunamtaka binti ahamie kwetu, atasoma bure." Kwetu mnyama wa mgeni akishaliwa, neno limekwisha. Nikachinjisha.

Mtoto akalia. "Bibi, kuna sheria! Nikihama chuo changu hakijaniachia, sichezi msimu mzima."

"Kwani wewe ng'ombe wa mnadani, utembee na kibali?" nikamfokea. "Nimeshakula cha watu. Utahama."

Siku ileile mwalimu wake akapita kumtazama goti, maana mtoto alikuwa ameumia. Nikamkaribisha. Nikampa supu. Ya beberu yuleyule! Sikumwambia kitu. Akamaliza bakuli, akaongezwa, akasema, "Bibi, mkono wako hauzeeki." Nikacheka. Mimi, na mvi zangu hizi, nikacheka.

Sasa mtoto yuko huko chuo kipya, wenzake wanacheza, yeye anawashikia chupa za maji. Kocha wa beberu nikimpigia hapokei. Wa kumwachia ili acheze ni mwalimu wake wa zamani, naye katuma neno: "Mtoto simchukii. Aliyemtoa aje mwenyewe tuongee."

Jirani zangu wananiambia, "Si alikunywa supu? Mwambie alishakubali!" Nimewafukuza na mwiko. Aibu ninayo, wanataka niongeze na ujinga? Mjukuu naye kanililia kwenye simu: "Bibi wangu, nenda, ila supu usiitaje. Akisikia, hataniachia kamwe."

Wanangu, nitakaaje mbele ya yule mama nimwombe msamaha nusu, nusu nimeiacha tumboni mwake?

Jogoo nimeshamfunga miguu, yuko hapa mlangoni, kesho nampeleka. Nikiitaja supu, mtoto wangu anaweza kupoteza mpira wake. Nisipoitaja, na huyu jogoo ni uongo mwingine wa kuliwa. Nishaurini wenzangu, nikishapokewa, nianze na neno gani?