Mama Kimeng'enya na Maji ya Mfereji

Jina alilopewa na babu yake ni Shaista, lakini hapa Chimala tunamwita Mama Kimeng'enya, na wa kulaumiwa ni yeye mwenyewe. Duka lake la pembejeo limepakana na kibanda changu cha cherehani. Kwa miaka kumi na moja nimesikia somo lilelile kila anapouza dawa ya magugu.

Ndani ya jani, huwaambia wateja, kuna fundi mdogo anaitwa kimeng'enya. Kazi yake ni kuunganisha malighafi mbili ili mmea upate protini za kukulia. Dawa huja ikakalia nafasi ya malighafi moja, fundi akakwama. Ndiyo maana nyasi hazifi leo wala kesho. Hunyong'onyea wiki nzima, ndipo zinageuka njano. Binadamu hana kimeng'enya hicho, huongeza, lakini glavu utavaa. Mpole sana yule mama, ila kwenye glavu ni askari.

Desemba iliyopita Jailos, mkulima wa mpunga kutoka Madibira, aliingia na fungu la nyasi mbichi akalibwaga juu ya kaunta, duka limejaa. Alikuwa amesubiri siku kumi na mbili tangu apulizie, si mtu wa papara. Akasema dawa aliyouziwa ni feki. Wateja wawili wakarudisha chupa zao rafuni. Mimi niliacha kushona, maana mji wetu ni mdogo: ukishaitwa muuza feki, unafunga duka.

Shaista hakubisha. Aliuliza tu dawa ilichanganywa na maji gani. Jailos akajibu kwamba ni ya mfereji, yako palepale shambani, kwani angebeba ya wapi?

Akaombwa alete dumu moja la maji hayohayo, na kesho yake akalileta. Shaista akafungua chupa ya boksi lilelile ilikotoka ile ya Jailos, mbele ya macho yake, akachanganya mara mbili kwa kipimo kimoja: kwanza na maji ya bomba, kisha na yale ya mfereji, yenye rangi ya chai ya maziwa. Wakapulizia vipande viwili vya nyasi nyuma ya duka. Siku zilizofuata wateja walipungua, nami nakiri nilizichungulia zile nyasi mara nyingi kuliko mwenye duka.

Siku ya kumi na moja Jailos akarudi. Kipande cha maji ya bomba kilikuwa njano chote; cha mfereji kimestawi utadhani kimewekewa mbolea. Shaista akaeleza kuwa tope huishika dawa mapema, hata ikifika kwenye jani haina nguvu tena ya kumkwamisha yule fundi.

Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi yake mwenyewe. Watu walikuwa wamejaa, na Jailos akavua kofia kutafuta maneno ya kuomba radhi. Shaista akamzuia.

"Ndugu yangu, kosa ni langu," akasema, sauti ikifika hadi kibandani kwangu. "Miaka yote nawafundisha kilichomo ndani ya jani. Sijawahi kumuuliza hata mmoja wenu maji anachota wapi."

Akamkabidhi chupa nyingine. Jailos akaipokea; yeye ndiye aliyetaka kuomba msamaha, sasa anaombwa.

"Na sisi, mama," akasema, "hatukuwahi kukuambia."